Maji Yale Hayakupaswa Kuongezwa

Mliokuwepo kwenye mafunzo ya kuotesha mboga majini huko Koboko mliona. Letusi za wiki tatu, majani yamechanua, mapipa yamepangwa kivulini, maji ndani yameshuka hadi karibu nusu. Mkufunzi akafunua mfuniko, akachungulia, akaagiza jerikani mbili. Akamimina mpaka maji yakagusa tena vikombe vya wavu. Watu wakapiga makofi, nami moyo ukaniuma, maana letusi zile zilikuwa zimeuawa mbele yetu.

Kosa hili halina utetezi, na nitalieleza polepole. Mfumo ule hauna pampu. Mche ukianza, maji hufika kwenye kikombe. Unavyokunywa, maji yanashuka, na kati ya mfuniko na maji panabaki nafasi ya hewa. Mizizi iliyoachwa wazi hapo juu huota vinyweleo vyeupe na kushika kazi ya kuvuta oksijeni, wakati ile ya chini inaendelea kunywa maji na mbolea. Kwa hiyo pipa lililoshuka hadi nusu halina upungufu wowote. Limefika pale lilipotakiwa kufika. Mmea ulitumia siku ishirini kujijengea mapafu, mkufunzi akayazamisha kwa dakika moja. Mzizi uliozoea hewa haurudi majini kwa amri ya mtu. Unakosa pumzi, unakufa, na mzizi mfu ndio chakula cha Pythium, kijidudu kinachoozesha mizizi.

Tena angalieni mahali alipofanyia hayo. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubaki kama 7.5. Hizo ni hesabu za pwani. Huku kwetu, Arua iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo ondoa tena karibu sehemu moja ya nane. Sasa weka pipa la plastiki kwenye joto la Februari, hata kivulini, maji yametulia, hakuna kinachoyatikisa. Kidogo kilichomo kinaliwa upesi. Pythium aphanidermatum, anayependa joto hilohilo, hutoa mbegu zenye mikia zinazoogelea kutoka mzizi hadi mzizi. Watu humwita kuvu, lakini si kuvu wa kweli, ndiyo maana baadhi ya dawa za kuvu zinazouzwa madukani hazimgusi.

Siku chache baadaye majani yakalegea saa sita mchana. Hapo ndipo nilipotarajia mkufunzi azinduke. Akaongeza mbolea! Mmea unaonyauka mchana huku pipa limejaa hauombi maji wala chakula. Mizizi yake imekufa. Ungevuta mzizi mmoja tu kwa vidole: ukiwa wa kahawia, unateleza, unanuka, na ngozi yake inavuka na kuacha uzi mwembamba, jibu unalo. Lakini hakuna aliyegusa mzizi. Mwishowe ikamiminwa peroksaidi asubuhi na Trichoderma jioni ya siku hiyohiyo. Peroksaidi haichagui adui na rafiki, na nafuu yake haikai. Trichoderma ni kuvu rafiki, kiumbe hai. Ukitaka akufanyie kazi, usimtangulizie sumu.

Kwa haki niseme, mengine yalifanywa sawa: mbegu zilisiwa vizuri, vikombe vilikuwa safi na asidi ya maji ilipimwa.

Kuna mwizi mwingine wa oksijeni, nami nimelisema hili kabla na nitalisema tena: jerikani ya njano ya mafuta ya kupikia si chombo cha kuoteshea mpaka uipake rangi. Mwanga unapenya, mwani unaota, na usiku mwani huohuo unashindana na mizizi kwa oksijeni. Paka nyeusi kwanza, kisha nyeupe juu yake kuzuia joto. Huna rangi, kandika udongo. Na wanaotuuzia mitambo ya pampu watuambie umeme ukikatika usiku mizizi itavuta nini. West Nile yetu hii ya Uganda iliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, kwa jenereta na, tangu 2012, mtambo mdogo wa Nyagak wa megawati 3.5. Mfumo usiotaka pampu ulitufaa kuliko mwingine wowote, ndiyo maana uchungu wangu ni mkubwa kuuona ukiharibiwa hivi na mtu aliyekuja kuufundisha.

Gericke wa California, aliyeupa ulimwengu neno haidroponiki katika miaka ya 1930, aliweka mimea yake kwenye wavu juu ya tangi na kuacha hewa katikati. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, mwenye mfumo huu tuliouona Koboko, aliandika wazi kwamba maji yanaweza kushuka au kubaki palepale, lakini yasipandishwe, kwa kuwa mmea utazama. Na hata tusiende mbali. Wazee wetu wa tumbaku waliinua matuta ya miche juu ya ardhi, wakasia mbegu kwa uhaba na kumwagilia asubuhi, kwa sababu walijua mche uliolowa usiku kucha unaoza shingoni. Hawakulijua jina la Pythium, lakini walimshinda. Ningempa mmoja wao pipa lile kabla ya mkufunzi yeyote mwenye cheti.

Kama maji yalikuwa yamekaribia kuisha kabisa, angeongeza vidole viwili chini, mizizi ya juu ibaki hewani. Na uozo ulipoanza, kazi ilijulikana: mimea iliyooza ing'olewe na kutupwa mbali, iliyobaki ikatwe mizizi mifu na kusuuzwa, pipa lisuguliwe kwa dawa ya klorini ya Jik iliyozimuliwa na kusuuzwa vizuri, maji mapya ya mbolea yatiwe hadi nusu tu, pipa lihamie penye baridi. Baadhi zingepona.

Wenye mapipa Arua na Koboko, nawaombeni jioni ya leo mfunue mifuniko. Mkiona mizizi myeupe yenye vinyweleo inaning'inia hewani juu ya maji, rudishieni mfuniko na mweke jerikani chini.