Nafsi ya Kwanza katika Insha ya Mwombaji wa Chuo cha Maafisa: Mfano wa Minembwe

Uhakiki wa nathari ya Kiswahili umeshughulikia riwaya, hadithi fupi na tawasifu. Insha anayoiandika kijana ili apokelewe katika chuo cha maafisa wa jeshi imepewa nafasi ndogo, ingawa kurasa zake chache husaidia kuamua ni nani atakayekabidhiwa amri juu ya watu wenye silaha. Makala haya yanachunguza fani na maudhui ya insha hiyo kwa kumtazama mwombaji wa Minembwe, katika nyanda za juu za Fizi, Kivu Kusini.

Tatizo la kwanza ni la fani. Mwanafunzi wa Kongo amezoezwa barua ya maombi: mimi niliyetia sahihi hapa chini, heshima na taadhima, kisha ahadi ya utii. Barua hiyo humfaa kila mtu, na kwa sababu hiyo haimtambulishi yeyote. Vyuo vya Marekani kama West Point (1802) na Annapolis (1845) hudai kinyume chake, yaani mwombaji ajieleze kwa namna ambayo mwenzake hawezi kuitumia. Ugumu huzidishwa na lugha. Kijana wa Minembwe huwaza kwa Kinyamulenge, Kibembe au Kiswahili, huandika kwa Kifaransa, na akikubaliwa Kananga huingia katika jeshi lililozoea Kilingala tangu enzi za Force Publique. Si ajabu basi kwamba hukimbilia kauli alizozikariri.

Husemwa kwamba "mimi" ni mgeni katika nathari ya Kiswahili. Dai hilo halina msingi. Shaaban Robert alichapisha Maisha Yangu mwaka 1949. Kabla yake, Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetawala sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo, alikwisha kusimulia maisha yake kwa Kiswahili. Hasifu ushujaa wake kwa vivumishi. Husimulia njia, mizigo, magomvi na mapatano, na msomaji humjua, hata akimlaumu, kutokana na matendo hayo. Katika Kongo yenyewe, André Yav aliandika mwaka 1965 historia ya watumishi wa nyumbani wa Elisabethville, ambamo sauti ya chama chao hutangulia sauti ya mtu mmoja.

Tatizo la pili ni la maudhui. Minembwe imeona mapigano yaliyozidi tangu 2017, pamoja na mzozo wa mwaka 2020 juu ya komini yake. Mwombaji hudhani kwamba mateso hayo yatamtofautisha. Lakini msiba walioushiriki maelfu haumpambanui mmoja wao, awe Mnyamulenge, Mbembe, Mfuliiru au Mnyindu. Zaidi ya hayo, "mimi" yake hugeuka upesi kuwa "sisi" ya kabila, ilhali afisa ataamuru askari wa makabila yote.

Je, anyamaze? La hasha. Achague tukio moja alilolishuhudia na kulitendea kazi. Ng'ombe wakiingia shambani wakati wa kuteremshwa kuelekea malisho ya kiangazi, mchungaji na mkulima hudaiana fidia. Kijana aliyesimama kati yao, akahesabu mashina yaliyoliwa, akakubali hasara ambayo jamaa zake hawakuipenda, ana habari inayohusu uafisa moja kwa moja. Hahitaji kujiita mwadilifu.

Yawezekana kupinga kwamba wasomaji wa faili hutazama kwanza jina na mahali pa kuzaliwa. Pingamizi hilo ni zito, na insha haina dawa yake. Uraia huthibitishwa na sheria namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004. Uwakilishi wa haki wa mikoa katika jeshi hudaiwa na ibara ya 189 ya Katiba ya 2006. Mwombaji anayetumia kurasa zake kuthibitisha kwamba ni Mkongomani amebebeshwa kazi ya dola, na nafasi ya kujieleza imempotea.

Kwa hiyo walimu wa sekondari wafundishe utanzu huu sambamba na barua rasmi. Kipimo chake ni chepesi: ikiwa jirani anaweza kuitia sahihi insha ile ile bila kubadili neno, mwenyewe hajaanza kuiandika.