Kiganja Juu ya Kiti

Fundi hakumwuliza dereva anaumwa wapi. Alipanda ngazi ya lori, akafungua mlango wa kulia, akalaza kiganja juu ya kiti na kukipapasa polepole kutoka nyuma kwenda mbele, macho yake yako kwingine kabisa, kwenye miti ya mlima Arua. Aliposhuka akasema, "Wewe Kongo unaenda sana." Dereva akacheka. Ni kweli, kwa miezi mingi alikuwa akipita Vurra kupeleka mizigo Ariwara.

Siri ilikuwa ndani ya sponji. Uganda magari hupita kushoto, na usukani uko kulia. Ukivuka Vurra kuingia Kongo, au Oraba kuingia Sudan Kusini, magari hupita kulia, lakini usukani hauhami. Dereva anajikuta amekaa upande wa mtaro, na kila akitaka kulipita gari lililo mbele yake sharti ainame kushoto achungulie. Huinama hivyo kutwa nzima, uzito wote ukiangukia paja moja, mpaka ukingo wa kushoto wa kiti unakufa. Kiti cha dereva asiyetoka nje ya Kenya na Uganda hufa upande wa kulia, maana ndiko anakopandia na kushukia, akijiburuza juu ya ukingo uleule. Lori ni la aina moja, ugonjwa ni mwingine. Nimewahi kuona madaktari wakimpima mgonjwa bila kumgusa, kwa hiyo mkono ule ulinifanya nikae pale siku mbili nzima.

Migongo hufika katika mji huu wa Arua imechoka. Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, na kutoka Kampala bado zipo karibu 500. Njiani unauvuka mto Nile mara tatu, Jinja, Karuma na Pakwach, na kila mji mdogo una matuta yake. Daraja la Karuma, la mwaka 1963, lilipofungwa kwa matengenezo Septemba 2024, malori yalizungushwa njia nyingine na safari ikazidi kurefuka. Dereva anayekuja hapa kabla ya kushika njia ya Koboko kuelekea Oraba hatafuti pambo. Anatafuta mahali pa kukaa.

Kazi huanza kwa kufumua. Fundi hukata uzi wa zamani kwa wembe, mshono baada ya mshono, bila kurarua kitambaa, kwa sababu vipande vilevile vichakavu ndivyo vitakavyokuwa kipimo cha vipya. Kila kipande hukiandika namba kwa chaki na kuchora mshale kuonyesha mbele ni wapi, kisha hukitandaza juu ya turubai. Hata hivyo hakiamini moja kwa moja. Kitambaa kilichokaliwa miaka kimevutika, na ukikata kipya sawasawa nacho utapata kiti chenye mikunjo. Hupunguza upana wa kidole hapa, nusu kidole pale. Nilimwuliza anajuaje wapi apunguze. Akanionyesha uzi wa kitambaa chenyewe, jinsi ulivyopinda mahali ulipovutwa.

Kisha sponji. Hii ndiyo sehemu ambayo wengi hudanganya, na si vigumu kudanganya, maana sponji ya godoro la bei rahisi huonekana nene siku ya kwanza na baada ya mwezi dereva amekalia bati. Yeye huibonyeza kwa goti, hukaa juu yake kidogo, huinuka na kuitazama. Ikibaki na alama ya goti, inarudi dukani. Chini huweka tabaka gumu, la kupokea kishindo cha matuta kabla hakijafika kwenye uti wa mgongo. Juu huweka laini zaidi. Ukingo wa mbele, ule unaokutana na mapaja, huunyoa kwa kisu kirefu cha mkate mpaka unateremka kama ufuko. Ukiachwa mgumu unabana mishipa chini ya paja, na mguu unakufa ganzi kabla ya Pakwach. Alinyoa, akapapasa, akanyoa tena, vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu.

Gundi hupakwa pande zote mbili, halafu husubiriwa. Kijana anayejifunza kazi alitaka kugandisha mapema. "Mzee, imekauka." Mzee akamshika mkono, akagusa gundi kwa mgongo wa kidole, na uzi mwembamba ukavutika. "Bado inakufuata," akasema. Walisubiri. Mara ya tatu kidole kilitoka safi, ndipo wakakutanisha tabaka mbili kwa mkandamizo mmoja, kwani gundi ile haikupi nafasi ya kurekebisha.

Chini ya kiti cha lori kubwa kuna mfuko wa mpira unaojazwa upepo na kompresa ileile inayolisha breki. Kiti huelea juu yake. Ulaya wana sheria tangu 2002 inayopima mtikisiko unaoingia mwilini mwa mfanyakazi kwa siku ya saa 8, na mfuko huu ni sehemu kubwa ya jibu lao. Ukivuja, kiti hushuka hadi chini na kubaki huko, na njia rahisi ni kuking'oa na kufunga kiti cha basi kisichoelea. Nimeona malori mengi yaliyofanyiwa hivyo, na inaniuma. Fundi huyu huchukua maji ya sabuni na kitambaa, hupaka kila kiungo cha bomba, kisha huchuchumaa na kungoja povu. Siku ile povu lilitokea kwenye kiungo, mfuko wenyewe ukiwa mzima. Kipande cha bomba tu, kiti kikaelea.

Kabini nyingi zinazopita hapa zilibuniwa Ulaya, kama zile za Actros, lori lililotoka 1996. Wakati huo sheria ya kule ilihesabu urefu wa kichwa na trela pamoja, mita 16.5, kwa hiyo kila sentimita aliyopewa dereva ilitoka kwenye mzigo. Marekani, tangu sheria ya 1982, kwenye barabara zao kuu hupimwa trela peke yake, ndiyo maana vichwa vya huko vina vyumba kabisa. Sisi tumerithi ufinyu wa Ulaya pamoja na hita zake za usiku wa theluji. Aliyechora kabini ile alifanya kazi nzuri, lakini hakumfikiria dereva wa Januari 2022, wakati madereva walipogoma kwa sababu ya ada ya kipimo cha Covid kwenye mpaka wa Malaba na foleni ikarefuka makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Siku nyingi kitanda kile chembamba nyuma ya viti ndicho kilikuwa nyumba.

Kwa hiyo fundi hufika mpaka kitandani. Eneo hili la West Nile lina mbu na malaria nyingi, na kiyoyozi cha lori hufa injini ikizimwa. Hushona chandarua kwenye utepe wa kunata unaofuata umbo la dirisha, ili kioo kishushwe na upepo uingie. Dereva huyu alikuwa na ombi zaidi. Alinunua milaya, shuka lililodariziwa kwa mkono, kama yale wanayoyashona akina mama wa Sudan Kusini katika kambi ya Bidibidi kule Yumbe, akataka liwe pazia la kitanda. Lilikuwa refu mno. Kijana akashika mkasi. Mzee hakukubali. Alilikunja pindo mara mbili, akalitundika kwa muda kwa pini, akarudi nyuma hatua tatu, akalishusha kidogo ili ua jekundu lisimezwe na mkunjo, kisha akalishona kwa sindano ya mkono, akipitisha uzi katikati ya nyuzi za mama aliyelidarizi bila kuutoboa hata mmoja. Ilichukua muda mrefu kuliko chandarua. Hakuongeza bei.

Jioni dereva akaketi, kiti kikapumua na kumpandisha. Akatoa pesa yote. Fundi akachukua nusu.

"Nenda Koboko kwanza, kaka. Urudi."

Kesho yake lori lilirudi mchana, na vumbi la njia. Dereva akashuka akisema kiti ni kizuri sana, amshukuru nani. Mzee alikuwa ameshapanda ngazi. Akalaza kiganja kwenye ukingo wa kushoto, akakaa kimya kidogo, kisha akaomba chaki.