Kilomita Tano za Kwanza Gede: Hesabu ya Jasho

Tarehe 24 Machi 2007 Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ametwaa taji la mbio ndefu miaka mitano mfululizo, tangu 2002. Katika kilomita 12 za wanaume alikuwa bado anapigania ushindi na Zersenay Tadese wa Eritrea walipoingia mzunguko wa mwisho. Hapo nguvu zikamwishia kwa joto, akaacha mbio. Tadese akaenda peke yake hadi utepeni. Wengine kadhaa walilemewa na joto siku ile, na wote walikuwa watu waliochaguliwa na mataifa yao.

Nayarejea mashindano hayo kila ninapomsikia kijana wa Gede, Mida au Watamu, huku huku pwani ya Kenya, akisema anataka kukimbia kilomita tano zake za kwanza. Anachoulizia ni mazoezi ya miguu, wakati pwani miguu huwa ya pili. Cha kwanza ni jasho.

Tuanze na hesabu. Mtu wa kilo 65 akikimbia kilomita moja hutumia takriban kilokalori 65, hivyo kilomita tano ni kama 325. Kiasi cha robo tatu ya nguvu hiyo hakisukumi mwili mbele. Hugeuka joto, na joto hilo lazima litoke. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa takriban kilokalori 580. Kwa hesabu hiyo, chini ya nusu lita ya jasho ingetosha kumpoza mkimbiaji wetu safari nzima. Tatizo ni neno “ikikauka”. Nguo ukizianika siku ya mvuke isiyo na upepo hushinda kambani na jioni bado ni mbichi, na jasho la Gede mwezi wa Machi lina tabia hiyo hiyo. Linalodondoka kutoka kidevuni hadi kwenye lami limepotea bure: limeondoa maji na chumvi mwilini, halikuondoa joto.

Hapa ndipo penye ufundi wote. Jumla ya joto unalozalisha katika kilomita tano haibadiliki sana, uende mbio au polepole. Kinachobadilika ni kiasi chake kwa dakika. Ukimaliza kwa dakika 30, mwili unatakiwa utoe kilokalori zaidi ya nane za joto kila dakika. Ukimaliza kwa dakika 45, ni kama tano na nusu. Hewa yenye unyevu ikishindwa kupokea nane inaweza ikapokea tano na nusu, na mkimbiaji yule yule, kwa mapafu yale yale, akafika salama. Kwa hiyo anayeanza Gede asichukue kasi ya video za Iten, mahali pa juu penye hewa baridi. Hata Beatrice Chebet wa Kenya alipokuwa mwanamke wa kwanza kukimbia kilomita tano za barabarani chini ya dakika 14, kwa dakika 13 na sekunde 54, ilikuwa Barcelona tarehe 31 Desemba 2024, katikati ya majira ya baridi ya Ulaya.

Kipimo cha kasi hakihitaji saa ya bei. Barabara ya Watamu alfajiri haina mtu anayekupita kimya. Mama mwenye ndoo atakusalimu, mzee wa baiskeli atauliza za nyumbani, na msichana anayekimbia ataulizwa anafukuzwa na nani. Ukiweza kuitikia salamu hadi mwisho bila kukata pumzi katikati, kasi ni sawa. Ukiinua mkono tu kwa sababu sauti haitoki, umeshavuka mpaka, tembea.

Kutembea ni sehemu ya mbinu, na hakuna aibu ndani yake. Josh Clark, Mmarekani aliyetunga mwaka 1996 mpango maarufu wa wiki tisa kwa watu wasiowahi kukimbia, aliujenga juu ya hilo. Wiki ya kwanza ni sekunde 60 za kukimbia, 90 za kutembea, kwa dakika 20, mara tatu kwa wiki. Ni mpango mzuri. Kwa pwani mimi ningeurekebisha mahali pamoja: wakati wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, kila wiki irudiwe kabla ya kupanda ngazi. Mwili huhitaji kama siku 10 hadi 14 za mazoezi kwenye joto kabla ya kuanza kutoa jasho mapema na kuongeza maji ya damu. Kuzaliwa Gede hakutoshi, kwa sababu kuzoea joto ukiwa umekaa kivulini si kuzoea joto ukiwa unakimbia.

Saa nzuri ni kumi na mbili asubuhi. Unyevu wa hewa uko juu kabisa wakati huo, ni kweli, lakini jua halijaanza kuongeza joto lake juu ya lako, na hilo ndilo linaloamua. Msitu jirani wa Arabuko-Sokoke una kivuli, ila una ndovu pia. Usiingie bila kupitia kituo cha msitu na kupata mwongozaji. Ufuo wa Watamu unafaa maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mchanga wa chini unapokuwa mgumu. Mchanga tifutifu wa juu ni adui wa kano ya kisigino, na mteremko wa ufuo huchosha goti moja kuliko jingine.

Raba za mitumba zinatosha, mradi uzikague. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, sponji imekufa, na muundi wako ndio utakaolipa. Geuza uangalie kisigino, kikiwa kimeliwa upande mmoja, rudisha. Jezi ya mpira ni bora kuliko fulana ya pamba, ambayo hunyonya jasho ikawa mzigo.

Sasa siku yenyewe. Panda bodaboda yenye mita inayofanya kazi kutoka njiapanda ya Gede kuelekea Watamu, uweke alama kwenye kilomita mbili na nusu. Kwenda na kurudi ni tano. Kimbia upande wa kulia ili magari uyaone yakikujia. Tuseme lengo ni dakika 45. Kilomita ya kwanza iende kwa dakika tisa na nusu, na itakuudhi, maana miguu itakuwa inataka zaidi. Izuie. Tatu zinazofuata ziwe za dakika tisa, dakika nne za kukimbia kwa moja ya kutembea. Kichomi kikikushika, punguza mwendo na toa pumzi kwa nguvu hadi kiachie. Wakati wa kusi, upepo ukiwa umeshaanza, utakuja usoni ukielekea baharini na kukusukuma mgongoni ukirudi. Wengi hufurahia kurudi huko, kumbe hewa inayosafiri nawe haikaushi jasho. Joto hupanda ghafla baada ya kugeuka, na hapo ndipo pa kuongeza dakika moja ya kutembea hata kama hujachoka.

Kilomita ya mwisho, kama salamu bado zinaitikika, achia. Lakini ukisikia baridi na vinyweleo kusimama juani, au kizunguzungu, simama kabisa, ingia kivulini, ujimwagie maji kichwani na shingoni. Ukimaliza salama usikae chini. Tembea dakika kumi, kunywa maji au dafu taratibu, na pumzika siku mbili kabla ya kukimbia tena.