Fundi wa Hatua

Skrini ya kikokotoo cha grafu cha TI-84 Plus, kilichotoka mwaka 2004, ina mistari 8, na kila mstari unaenea herufi 16 tu. Katika nafasi hiyo finyu wanafunzi wa Marekani wameandika programu za kutatua milinganyo ya aljebra hatua kwa hatua. Naiheshimu mno kazi yao.

Kutoa jibu tupu ni rahisi. Ipe mashine x² − 10x + 7 = 0, nayo itakurudishia 9.242640687 na 0.7573593129. Mwanafunzi atazifanyia nini namba hizo? Hajui zimetokea wapi. Fundi wa hatua, yaani anayeandika programu hizo, anajua kuwa mwenye kalamu angetoa kwanza 28 katika 100, apate 72, kisha aikazie macho 72 mpaka aone ndani yake 36 mara 2. Angetoa 6 nje ya kipeuo, agawanye kwa 2, aishie na 5 ± 3√2. Mashine haina jicho hilo. Inabidi ielekezwe kujaribu namba moja baada ya nyingine: je, mraba wake unaigawanya 72 bila baki? Programu inayoanza na 2 ikapanda, ikiridhika na namba ya kwanza inayokubali, itaandika 2√18, ambayo ni kweli lakini haijakamilika. Inayoanza na 8 ikashuka hufika 6 kwanza, na kazi inaisha vizuri. Mistari miwili mitatu ya programu, lakini aliyeiandika lazima awe ameielewa hesabu yenyewe hadi chini.

Halafu kuna unadhifu. Programu ya kivivu huandika “1X+-3”. Ya mtu anayejali huificha ile 1, huiondoa alama ya kujumlisha isiyo na kazi, na husimama baada ya kila hatua hadi msomaji abonyeze ENTER. Kusimama huko ni amri moja tu, Pause, na kwangu ndiyo amri yenye adabu kuliko zote, kwa sababu inamngoja anayejifunza.

TI-89, mashine ya mwaka 1998, ilishika njia nyingine ninayoipenda zaidi. Andika 2x + 3 = 11, kisha bonyeza kutoa 3: inatoa pande zote mbili, na kukuonyesha 2x = 8. Gawanya kwa 2, unapata x = 4. Hatua unaichagua wewe. Mashine inafanya hesabu tu. Ukianza kwa kugawanya, haikugombezi. Inakuonyesha mlinganyo wenye sehemu, sahihi lakini mgumu kidogo, nawe unajionea kwa nini kutoa kungetangulia.

Al-Khwarizmi, huko Baghdad katika karne ya 9, alifundisha hivyohivyo kwa maneno tu, bila alama. Mraba na mizizi 10 ni sawa na 39: chukua nusu ya 10, izidishe kwa yenyewe, ongeza 39, tafuta kipeuo cha 64, punguza 5, inabaki 3.

Vikokotoo vinavyopokea programu haviruhusiwi katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, lakini mtihani huohuo humpa mtahiniwa alama kwa njia sahihi hata jibu likikosewa. Basi wewe unayeandika programu ya hesabu kwa ajili ya simu, usimrushie mtoto jibu. Mwonyeshe njia, na umngoje.