Operesheni Tracer: Chumba cha Watu Sita Ndani ya Mwamba wa Gibraltar

Operesheni Tracer ulikuwa mpango wa siri wa Jeshi la Majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Watu 6 wangefungiwa ndani ya mwamba wa Gibraltar, mlango uzibwe kwa ukuta, nao wabaki humo wakichungulia meli za adui kupitia nyufa mbili na kutuma taarifa London kwa redio. Kazi yenyewe ingeanza tu iwapo Wajerumani wangeuteka mwamba. Jasusi wa kawaida hujificha kwa jina la bandia na lugha ya wenyeji, na jioni huenda kulala kitandani kwake. Hawa wangejificha chini ya nyayo za adui kwa mwaka mzima au zaidi, na kutoka kusingekuwapo.

Hofu iliyouzaa mpango huo ilikuwa na msingi. Ufaransa ilianguka Juni 1940. Tarehe 23 Oktoba mwaka huo Hitler alikutana na Franco, mtawala wa Uhispania, mjini Hendaye, mpakani mwa Ufaransa na Uhispania, na mwezi uliofuata akatoa amri ya kuandaa shambulio dhidi ya Gibraltar, lililopewa jina la Felix. Franco alikwepa kuingia vitani, ila Waingereza hawakutaka kumtegemea. Mlango-bahari wa Gibraltar, pale ulipo mwembamba zaidi, una upana wa kilomita 14 hivi, na chombo chochote kinachotoka Atlantiki kuingia Mediterania moja kwa moja hupita hapo. Kuelekea mwisho wa 1941 Admirali John Godfrey, mkuu wa ujasusi wa majini, alianza kushughulikia swali moja: mwamba ukitekwa, nani ataendelea kuzihesabu meli?

Mahali palipochaguliwa ni Lord Airey's Shelter, handaki lililoko juu kabisa upande wa kusini wa mwamba, karibu na mzinga wa inchi 9.2. Uchaguzi huo ulikuwa wa akili. Kutoka kwenye ukingo ule mtu huweza kuiona ghuba na bandari upande wa magharibi, na Mediterania upande wa mashariki, bila kuhama chumba. Tena, miaka ile wahandisi wa jeshi walikuwa wakiutoboa mwamba wote wa chokaa kwa baruti ili kupata maghala, hospitali na njia za chini kwa chini. Mlipuko mmoja zaidi, au rundo jingine la kifusi, haukumshangaza mtu. Siri ya ujenzi ilifichwa ndani ya kelele ya ujenzi mwingine, na mafundi waliochimba chumba hicho walirudishwa Uingereza kazi ilipokwisha.

Chumba kikuu kilikuwa na urefu wa mita 14 hivi, upana wa karibu mita 5, na kimo kisichofika mita 2.5. Humo walipaswa kulala, kupika, kula na kuugua watu 6. Tangi la maji lilikuwa la galoni 10,000, yaani lita 45,000 na ushei. Hesabu ya haraka huonyesha ukubwa wa tahadhari hiyo: kwa mwaka mmoja kila mtu angepata lita 20 kwa siku, na kama wangejibana hadi lita 3, maji yangefika karibu miaka 7. Chakula kilipangwa kitoshe mwaka usiopungua mmoja. Kwa hiyo njaa na kiu havikuwa tishio la kwanza. Tishio la kwanza lilikuwa sauti.

Adui angekuwa akitembea ndani ya handaki lile lile, upande wa pili wa ukuta, na jiwe husafirisha mgongano wa vyombo na vishindo vya miguu. Sakafu ilitandikwa vigae laini vya ganda lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, ili hatua zisisikike. Umeme ulikuwa mtihani mkubwa zaidi. Redio ilitumia betri ya volti 12, na betri haina budi kuchajiwa, lakini jenereta ya mafuta ingenguruma na kutoa moshi. Jibu likawa baiskeli iliyofungwa mahali pamoja na kuunganishwa na jenereta ndogo. Mnyororo wake wa chuma uliondolewa, ukawekwa ukanda wa ngozi, kwa sababu mnyororo hulia. Kifaa hicho hicho kilisaidia kuzungusha hewa chumbani na kuwapa watu mazoezi ya miguu. Katika mpango mzima hakuna kitu kilichobuniwa vizuri kuliko baiskeli hiyo.

Kuhusu mwili na akili, ushauri ulitoka kwa mtu aliyewahi kuishi hali inayofanana. Murray Levick alikuwa daktari katika msafara wa Scott kwenda Antaktika. Mwaka 1912 yeye na wenzake 5 walikwama katika Kisiwa cha Inexpressible, wakachimba pango ndani ya theluji na kupitisha humo majira yote ya baridi, wakila nyama ya sili na pengwini. Wote 6 walitoka wakiwa hai. Miaka 30 baadaye, akiwa amevuka umri wa miaka 60, aliitwa kushauri juu ya lishe, pombe, tumbaku, mavazi, mazoezi, usafi na upitishaji hewa. Wanaopanga mambo ya ujasusi mara nyingi huanza na silaha na maandishi ya siri. Safari hii walianza na mtu anayejua jinsi watu 6 wanavyochokana katika chumba kimoja.

Kikosi kilikuwa na ofisa kiongozi mmoja, madaktari wawili na mafundi watatu wa redio. Madaktari wawili kati ya watu 6 ni wengi, lakini mgonjwa asingeweza kupelekwa popote, na daktari naye huugua. Hata kifo kiliwekewa utaratibu: maiti ingetiwa dawa ya kuzuia kuoza na kuzikwa mle mle kwa matofali na saruji. Wote walikuwa watu wa kujitolea, na walijua jambo hilo.

Sehemu dhaifu ilibaki redio. Antena ilikuwa fimbo ya kusukumwa nje kwa muda kupitia upande wa mashariki, unaotazama bahari juu ya jabali, kisha kuvutwa ndani. Hilo lingeificha machoni pa adui tu. Mawimbi ya redio hayajali ukuta wala ukanda wa ngozi, na Wajerumani walikuwa na vituo vya kutafuta asili ya matangazo. Ujumbe mfupi uliotumwa kwa nadra ungepunguza hatari, si kuiondoa, na kadiri meli zinavyokuwa nyingi ndivyo haja ya kutuma inavyoongezeka.

Mbinu hizo zote hazikujaribiwa vitani. Chumba kilikamilika mwaka 1942, kikosi kikawekwa Gibraltar kusubiri uvamizi, na uvamizi haukuja. Novemba mwaka huo Washirika walitua Afrika Kaskazini, huku Gibraltar ikiwa makao ya kamanda wao, Eisenhower, na hatari ya Wahispania kufungua njia ikapungua sana. Agosti 1943 mpango ulifutwa, vyakula vikagawiwa wengine, chumba kikazibwa. Watu walioandaliwa kwa kifungo cha mwaka mzima walirudi kwenye kazi za kawaida bila kufungiwa humo.

Uvumi wa pango la siri uliendelea Gibraltar kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 1997 kikundi cha wapenzi wa mapango kilipolipata. Kilichowaelekeza ni upepo uliovuma kutoka mahali palipotakiwa kuwa ukuta mtupu. Nyufa za kutazamia ndizo zilizoingiza hewa hiyo, na bila hewa hiyo watu 6 wasingeishi. Wajenzi walishughulikia sauti kwa makini ya ajabu, lakini dhidi ya upepo hawakuweka kinga ya kutosha, na askari wa Kijerumani mwenye sigara mkononi angeweza kuuona ukipeperusha moshi wake.