Ubongo Hauli Peke Yake

“Ni ugonjwa wa ubongo.” Siku hizi hilo ndilo jibu la haraka kuhusu anoreksia, ule ugonjwa wa mtu kujinyima chakula hadi mwili unakwisha. Linasikika vizuri. Lakini anayeugua analisikiaje?

Mwaka 2012, huko Marekani, mtafiti Michele Easter alichapisha mahojiano na wanawake 50 waliowahi kuugua matatizo ya kula. Aliwauliza kuhusu maelezo ya jeni, ambayo ni ndugu wa karibu wa haya ya ubongo. Wengi waliona yangewapunguzia lawama: kumbe sio kiburi, sio kujitakia. Baadhi wakaingiwa na wasiwasi. Kama nimezaliwa nayo, nitapona vipi? Na watu si watasema natafuta kisingizio?

Sasa lipeleke jibu hilo Garsen. Hapa njaa inajulikana kwa sura. Mto Tana ukifurika, mashamba ya Wapokomo yanazama. Mvua ikikosa, ng’ombe wa Waorma wanakonda. Tuseme msichana anasukuma sahani mbele ya watu waliotafuta chakula hicho kwa jasho. Ataulizwa kama ana mimba, kama ni ukimwi, kama ni jini, ama anaringa tu. Kwake yeye, kuambiwa ubongo wake unaumwa ni ngao, na hakuna haja ya kumnyang’anya.

Ila ngao hiyo inafunika upande mmoja. Kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya huko Minnesota. Walipokonda, chakula kiliwajaa akilini mchana kutwa, wakawa na huzuni, wakajitenga. Yaani njaa yenyewe inageuza akili. Halafu mwaka 2019, utafiti wa jeni za wagonjwa karibu 17,000 ulikuta anoreksia inahusiana na magonjwa mengine ya akili, na pia na jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta. Ubongo umo, mwili pia umo.

Na watu wa nyumbani wamo. Kwa vijana, mojawapo ya tiba zenye ushahidi mzuri ilianzia hospitali ya Maudsley, London. Wazazi hawalaumiwi, lakini wanashika usukani wa mlo hadi mtoto apate nguvu, huku wahudumu wa afya wakifuatilia uzito na moyo wake.

Hapo ndipo “ni ubongo” inapotuangusha. Inamwambia mama wa Garsen kwamba mtoto hana makosa, kisha inamwacha amesimama na sahani mkononi, akidhani kazi yote ni ya daktari. Sentensi kamili ingekuwa ndefu kidogo: mtoto hakuyataka haya, wewe hukuyaleta, na kupona kwake kutahitaji kliniki pamoja na wewe, mlo baada ya mlo.