Mgeni na Mwenyeji

Londiani huamkia ndani ya ukungu. Mgeni anayeshuka stendi alfajiri haoni reli iendayo Kisumu, wala hana kibao cha kumwelekeza. Ana jina tu mdomoni. Anauliza kwa kina Chebet. Chebet yupi? Mama wa chai anamkabidhi kwa kijana wa bodaboda, naye anamfikisha langoni.

Intaneti nayo inaishi kwa kuulizana. Hapo awali majina ya kompyuta zote yalikaa kwenye orodha moja iliyotunzwa Marekani, kila kituo kikinakili. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni utaratibu wa kugawana ujuzi huo: seva za mzizi zinamjua anayeshika .ke, na anayeshika .ke anawajua walio chini yake. Hakuna anayejua yote. Ubunifu huo nauheshimu kama ninavyouheshimu ukarimu wa stendi yetu.

Kazi ninayoipenda huanza swali linapokwama ndani ya kompyuta pepe, mashine inayoishi ndani ya mashine nyingine. Mafundi huiita mgeni, na laptopu inayoibeba huiita mwenyeji. Mwanafunzi ananiletea laptopu yake, vidole vimekufa ganzi kwa baridi: “Fundi, jana ilikuwa sawa. Leo laptopu inafungua kurasa, lakini hii ya ndani haifungui chochote.”

Mwenye pupa angefuta kila kitu na kusakinisha upya. Mimi naanza kwa kuita namba: ping 8.8.8.8. Jibu linarudi, kwa hiyo njia ni nzima. Naita kwa jina; kimya. Sijagusa kitu bado, lakini shaka lote la asubuhi limebanwa kwenye kona moja ndogo. Utamu wa ufundi huu uko hapo, katika kujua pa kutotafuta.

Nafungua faili la resolv.conf. Humo mna anwani ya seva ya majina ya nyumbani kwao. Kompyuta pepe ililazwa kule, ikaamshwa huku, na ingali inaiuliza seva ya jana. Ningeweza kuandika 8.8.8.8, ambayo nayo ni seva ya majina iliyo nje, mahali pale, na wengi hufanya hivyo. Kisha siku mwanafunzi akiingia mtandao unaozuia maulizo yanayotoka nje kwa mlango wa 53, anakwama tena. Afadhali mgeni amuulize anayemlaza leo. Nazima mashine kabisa, nawasha mpangilio wa natdnshostresolver1 kwenye VirtualBox, programu inayoiendesha, naiwasha tena. Sasa inauliza 10.0.2.3, anwani iliyo ndani ya laptopu yenyewe, na laptopu, inayojua iko mtandao gani, inaiulizia.

Naita jina. Linaitikiwa.

Mwanafunzi ananyoosha mkono achukue laptopu yake. Namwomba aketi kwanza. Nairudisha mashine ilivyokuwa, na hitilafu yake, namsogezea kibodi, naye anaandika ping ya kwanza.